Mpini ni wa Seremala

Brashi ya sita ilirudi Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza kufungua madirisha ya karakana. Mama aliingia kwa mlango wa nyuma, ule unaotokea nyumbani kwake, akiwa ameibana kwapani ndani ya taulo. Akaiachia juu ya meza yangu ya kazi kama mtu anayetua samaki wa juzi.

"Inachoma," alisema.

"Ya wiki iliyopita ulisema ni laini mno, Mama. Ulisema ni kama unapapaswa na paka."

"Ndiyo. Na hii inachoma. Kwani kati ya paka na msumari hakuna kitu?"

Akageuka, akaenda zake. Nikaanza kuhesabu mpaka kumi ili nisimfuate. Nilifika nne.

Mimi ni mtengeneza brashi. Natengeneza brashi za kusugulia: sakafu, chupa, viatu, masufuria ya hotelini, matenki ya maji. Niliwahi kutengeneza ya kumsugulia ng'ombe wa maonyesho, na ng'ombe hakulalamika. Nina miaka hamsini na moja, thelathini na mitano kati ya hiyo nimeimaliza kwenye meza hii hii, na kuna mabomba yaliyopinda kama utumbo ambayo yamesafishika kwa sababu yangu. Lakini mgongo wa mwanamke mmoja wa miaka sabini na sita, tena aliyenizaa, ulikuwa umenishinda. Na siku zilikuwa zimebaki sita.

Mambo yalianza Mama alipoteleza bafuni. Alisema sabuni ilianguka akaikanyaga. Hakuvunjika kitu, ila bega la kulia lilikakamaa, na daktari akasema mkono huo usipande juu ya kifua kwa miezi kadhaa. Basi kaka yangu akaitisha kikao. Kaka huitisha kikao hata balbu ikiungua, ndiyo maana tangu utotoni tunamwita Mwenyekiti, na jina hilo halijawahi kumkera, amelipokea kama cheo. Tulikuwa watu watatu tu sebuleni kwa Mama, lakini yeye alisimama.

"Kwanza kabisa tumshukuru Mungu," alisema. "Pili, Mama asioge tena peke yake. Nimempata mama mmoja mwenye uzoefu, amemwogesha bibi mmoja jirani yangu miaka minne. Atakuwa anakuja kila asubuhi."

Mama alikuwa anakunywa chai kwenye bakuli, amelikumbatia kwa viganja viwili. Siku hizo alisema kikombe hakimpi joto la kutosha. Akalitua taratibu.

"Mtu huoshwa na watu mara mbili," alisema. "Siku anapokuja na siku anapoondoka. Ile ya kwanza sikuwa na la kusema, na ya pili sitakuwa na la kusema. Hapa katikati najiosha mwenyewe."

"Sasa Mama, ukianguka tena?"

"Nitaanguka nikiwa safi."

Mwenyekiti akanitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyemlea Mama vibaya. Na mimi, kwa kiherehere changu, nikafungua mdomo. Nikasema tatizo ni mgongo tu, kwingine anafika. Nikasema mgongo ni suala la brashi, na brashi ndiyo kazi ya nyumba hii. Nipeni wiki saba, nitatengeneza brashi inayopinda kufuata mwili, ambayo mtu anaitumia bila kuinua bega.

Mwenyekiti aliandika kwenye simu yake. Jumapili ya wiki ya saba, saa nne asubuhi, angekuja na yule mama. Mama akiweza kuoga mwenyewe mbele ya mashahidi ("yaani nje ya mlango," alijirekebisha haraka), basi yamekwisha. Asipoweza, yule mama anaanza kazi siku hiyo hiyo. Nilitegemea Mama abishe mpaka jioni. Hakubisha. Alinitazama tu, akasema, "Sawa, tumwone fundi."

Fundi akaanza kuonekana. Brashi ya kwanza ilikuwa na mpini mrefu na kichwa bapa cha mbao, nami nastahili kuchapwa kwa hiyo, maana mgongo si sakafu. Ya pili nilikikata kichwa vipande vitatu nikaviunganisha kwa ngozi ili kijikunje. "Imeniuma," Mama alisema, kama anayeshtaki mbwa wa jirani. Ya tatu nikaachana na kichwa cha mbao kabisa, nikachukua tyubu ya gari. Hapo ndipo nilipojua kwamba maisha yangu yote nilikuwa nimedekezwa na mbao. Ubao ukiutoboa, tundu linabaki tundu. Mpira ukiutoboa unajifumba, na ukiushindilia fungu la katani unalitema mezani mbele ya macho yako. Siku nne nilipigana na kipande cha mpira kisichozidi kiganja. Mwishowe nikatumia tabaka mbili, katikati nikapitisha waya mwembamba, kila fungu la katani nikalifunga kwenye waya kabla ya kuufumba mpira. Ikashika. Ilipinda huku, ikapinda kule, ikafuata goti langu, kiwiko changu na shingo yangu, mpaka mteja aliyekuja kuchukua brashi za chupa akaniuliza kama niko salama. Nilimpelekea Mama nikiwa na furaha ya bibi harusi.

"Fupi," alisema.

Ya nne nikaiongezea mpini.

"Ndefu. Inagonga ukuta."

Kweli ilikuwa inagonga. Nikiwa karakanani asubuhi nilisikia kutoka bafuni kwake: ko! Kisha kimya kirefu, kisha ko! tena. Ya tano nikaufupisha mpini, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kuchanganyikiwa nikabadilisha nyuzi pia. Hapo ndipo paka alipoingia. Ya sita nikaziweka ngumu zaidi, na sasa tulikuwa kwenye msumari.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini za Mama wiki zile zilikuwa za kuchoma kuliko katani yoyote.

Kila brashi iliporudi niliikagua kama nilivyofundishwa. Na aliyenifundisha ni yeye. Karakana hii ni ya Mama, ndiye aliyeifungua kwa meza moja na debe la waya. Wateja walikuwa wakija kuchukua mzigo wanasahau kuondoka, wanaviangalia vidole vyake. Alikuwa anafunga fungu la nyuzi, analikaza, analikata, huku macho yake yapo usoni kwako na mdomo wake unakusema. Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa na miaka kumi na sita, niliokota brashi nikaanza kuusifia mpini, jinsi ulivyopakwa vanishi vizuri. Alinichapa kikofi cha mkono.

"Unatazama nini hapo? Mpini ni wa seremala. Sisi kazi yetu ni nyuzi."

Basi nimekagua nyuzi miaka yote. Unavuta fungu, likitoka brashi imekufa. Unapitisha kiganja, unanusa, unaangalia kama zimelala upande. Nyuzi za brashi zote sita zilikuwa nzima, zimesimama wima kama ndiyo kwanza zimetoka mikononi mwangu. Nami, mjinga mkubwa, nikajisifu kwamba hiyo ndiyo katani bora. Haikunipitia kichwani kwamba nyuzi zilizosugua mtu wiki nzima lazima ziiname.

Jumanne Mwenyekiti alipiga simu.

"Dada, naomba taarifa ya maendeleo."

"Maendeleo yako kwapani kwa Mama," nikamwambia, nikakata.

Jumatano uvumilivu uliniishia kabisa. Nilikwenda nyumbani kwake na ile brashi ya sita mkononi. Nilimkuta amekaa kitini, kajitanda shuka mpaka kifuani, mikono ndani yake.

"Mama, twende bafuni unionyeshe inachoma wapi."

"Nivue nguo mbele ya fundi?"

"Mbele ya mwanao."

"Mwanangu ana kazi karakanani. Arudi akaifanye."

"Kazi gani tena? Fupi, ndefu, laini, ngumu! Brashi ina mambo manne tu, Mama, na yote umeyakataa! Mimi nimechoka. Kama hutaki, basi acha huyo mama aje akuogeshe, tupumzike wote."

Mama hakunijibu. Mnaomfahamu mngejua kwamba kwa Mama kukosa jibu ni ugonjwa. Aliangalia magoti yake, mahali mikono ilipojificha chini ya shuka, na uso wake ukawa mdogo. Niliona. Nikajua nimesema neno baya, nikaondoka nalo hivyo hivyo bila kulirudisha, kwa sababu hasira ilikuwa bado tamu.

Alhamisi nilizitia brashi zote sita kwenye gunia nikaenda kwa seremala wetu, mtaa wa pili. Tunamwita Randa, kwa sababu hata akikusalimia mkono wake unaendelea kupiga randa. Nilitaka anichongee mpini wa saba, mrefu kidogo kuliko wa tano na mfupi kidogo kuliko wa nne. Nikamwaga brashi juu ya meza yake nikaanza kumweleza habari za katani na mpira. Hakuwa ananisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ile randa ilisimama.

"Dada," alisema, "nyumbani mmefuga mbwa?"

"Mbwa wa nini?"

"Nakuuliza, nani anatafuna mipini yangu?"

Akanisogezea mmoja karibu na dirisha. Juu yake kulikuwa na alama za meno, safu ya juu na safu ya chini. Akachukua wa pili, nao vile vile, mahali pale pale. Mipini yote sita ilikuwa imeng'atwa.

"Si mbwa," nikasema. Mama ana meno yake yote, na humtangazia hilo kila anayekubali kumsikiliza.

"Sasa tazama hapa kwenye kishikio," alisema Randa. "Vanishi nzima. Mpini ukishikwa na mkono wenye sabuni wiki nzima, unapauka hapa. Huu haujashikwa kabisa. Na tazama ncha zilivyopondeka. Umeng'atwa, halafu umeanguka. Umeanguka mara nyingi sana, dada yangu."

Nikakaa kwenye rundo la mbao. Ko, kimya, ko. Haikuwa inagonga ukuta. Ilikuwa inaanguka sakafuni, na kile kimya kirefu kilikuwa cha mama yangu akiinama kuitafuta.

Yote yakaja kwa pamoja, na kila moja lilinichapa kofi lake. Chai kwenye bakuli. Brashi kwapani, kila mara kwapani. Magauni ya vifungo yaliyopotea nisiulize yamekwenda wapi. Sabuni iliyoanguka siku ile ya kuteleza. Vile vidole vilivyowasahaulisha wateja safari zao vilikuwa havifumbi tena, na mimi nilikuwa nabishana naye juu ya katani! Nilimkasirikia kwa kunificha, kisha nikajikasirikia zaidi, maana alichonificha alikuwa ananiletea mezani kila Jumatatu. Randa alirudi kwenye kazi yake bila kuniuliza neno. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

"Bado unataka mpini?" aliniuliza nilipoinuka.

"Sitaki," nikasema. "Sitaki mpini wowote."

Ijumaa nilifunga mlango wa karakana, nikavaa soksi nene mikononi, nikazifunga kwa raba kwenye vifundo ili vidole visinisaidie. Ndani ya robo saa nilikuwa nimemwaga maji, nimeangusha debe la waya, na nimejifungia ndani kwa komeo lisilonitii. Simu ikaita. Ilikuwa ni Mwenyekiti, na nilishindwa kuikata. Akapiga mara tatu, ikilia na kutembea mezani, nami nikiitukana. Kisha nikajaribu kuchomoa brashi kwenye gunia. Viganja vikateleza, vikateleza tena, nikainama nikaivuta kwa meno. Vanishi ni chungu. Nilisimama na ule uchungu mdomoni, na hapo ndipo nilipolia.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Nilikata mpira mrefu, tabaka mbili kama kawaida, upana wa kiganja. Katikati nikaweka katani, si ya paka wala ya msumari. Kwenye ncha zote mbili sikuweka kitu cha kushika. Kila ncha niliikunja ikawa kitanzi kipana, ndani yake nikatia waya mnene ili kitanzi kibaki wazi chenyewe, mkono uingie mpaka kwenye kifundo na uvute bila kidole kimoja kufanya kazi. Unaupitisha mgongoni kama mkanda wa mkoba, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini kiunoni, pale pale daktari alipoutaka. Karibu na nyuzi nikashona mfuko wa wavu, sabuni ikae humo isianguke tena. Nikajaribu nikiwa na soksi zangu. Ilizunguka mgongo, ikapanda shingoni, ikashuka mpaka kwenye nyonga.

Jumamosi nilimpelekea mkanda huo. Niliutandaza magotini pake. Mama hakugusa nyuzi. Alitazama ncha hii, akatazama ile, kwa muda mrefu.

"Mpini uko wapi?" aliuliza.

"Mpini ni wa seremala," nikasema.

Hakuniangalia. Akatoa mikono chini ya shuka, akaingiza mkono mmoja kwenye kitanzi, kisha wa pili, akavuta huku na huku hewani. Kisha akasema nimfungulie mlango niende, anataka kulala.

Jumapili saa nne kamili Mwenyekiti alifika, na yule mama wa kuogesha nyuma yake, mwanamke mpole mwenye aproni iliyokunjwa vizuri mkononi. Mama aliingia bafuni na mkanda wake shingoni. Tulikaa sebuleni watatu, tukiuangalia ule mlango. Mwenyekiti aliangalia saa. Maji yakafunguliwa. Nilikuwa nasubiri ko. Mwili wangu wote ulikuwa unasubiri ko.

Badala yake tukasikia kwaru, kwaru, kwaru, polepole, kisha kwa kasi, kisha mtu akaanza kuimba kwa sauti mbaya ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima. Aliimba mpaka maji ya moto yakaisha. Alipotoka, amejifunga taulo kubwa, mabega yake yalikuwa yanang'aa na mvuke unamtoka.

"Huyu mama mpeni chai," alisema. "Kavuka mji mzima bure, msimwache aondoke na njaa."

"Nilipomsikia tu nilijua," alisema yule mama, akicheka. "Anayeimba hivyo haogeshwi."

Mwenyekiti aliomba kuiona brashi. Aliigeuza mara tatu.

"Lakini haina mpini," alisema.

Mama akanitazama. Ni macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayeomba.

"Zinazopinda huwa hazina," nikamwambia kaka yangu. "Ndiyo ufundi wenyewe."

Akaridhika, akaandika kwenye simu. Walipoondoka nilikusanya vyombo. Mama alikuwa amekaa mezani, ametulia, ananukia sabuni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua za mwaka jana. Kilianza kidole hiki kidogo, vingine vikafuata."

"Wiki saba, Mama! Unaniambia fupi, unaniambia ndefu, nakaribia kurukwa na akili. Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Kwamba mimi, mimi niliyefunga brashi za mji mzima, nimeshindwa kuishika moja? Nilikuwa nakuletea uone. Kila Jumatatu nikiiweka mezani kwako nasema leo ataona, leo ataona. Na wewe unavuta nyuzi."

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," nikasema, kwa uchungu zaidi kuliko nilivyokusudia. "Wewe ndiye uliyenifundisha nisitazame mpini."

Nilitegemea anijibu kama kawaida yake. Alifikiri.

"Nilikufundisha vibaya," alisema.

Miaka thelathini na mitano sikuwahi kumsikia akisema neno hilo, na nilipolisikia sikulitaka. Nilitamani alirudishe. Nilitamani aniambie inachoma.

"Mwenyekiti tutamwambia," aliendelea. "Daktari pia. Ila asiitishe kikao."

Kisha akainua mikono yake miwili, akailaza juu ya meza mbele yangu, kama alivyokuwa akiziweka brashi zilizokwisha karakanani. Vidole vilikuwa vimejikunja nusu, havikuenda mbele wala nyuma.

"Haya," alisema. "Kagua."

Nikavuta kiti, nikaanzia kwenye kiganja.